Nguzo ya Mgomba Bwawani

Mume wangu alipoanza kuvua samaki, dada yake mkubwa alipanda kutoka kwake kule chini kuja kuniuliza kama nyumbani kwangu kuna njaa. Hakuwa akitania. Kwa watu wa umri wake huku Machame, samaki hakuwa chakula hata siku moja. Alikuwa ndugu wa nyoka. Mtu ana migomba, ana kahawa, ana ng'ombe wa maziwa bandani, halafu anateremka bwawani na kijiti kutafuta nini? Nilimkaribisha wifi chai, nikamwambia njaa hakuna, ni mdogo wako tu amestaafu.

"Kustaafu si kurukwa na akili," alisema, akanywa chai yangu yote, akaondoka bado amekasirika.

Mume wangu alikuwa ameongoza wageni mlimani zaidi ya nusu ya maisha yake. Nyumba ya mtu wa kazi hiyo utaijua ukiingia tu: makoti mazito ya kila rangi nyuma ya mlango, viatu visivyomtosha yeyote, taa za kuvaa kichwani ambazo sisi tunazitumia kukamulia ng'ombe alfajiri. Wageni wakishuka salama huacha vitu, na sisi hatutupi kitu. Mmoja wao, sijui alitegemea kuvua nini kule juu kwenye barafu, alimwachia fimbo ya kuvulia ya kuchomoa, ile ambayo vipande vyake huingia kimoja ndani ya kingine, pamoja na rili ya kukunjia uzi na kopo la vyambo vya bandia. Vilikaa ukutani miaka na miaka. Nilikuwa navipangusa vumbi pamoja na picha ya harusi yetu.

Alipoacha kazi alivishusha, akateremka navyo hadi kwenye bwawa la shamba moja kubwa la kahawa, chini huko kuelekea barabara ya Arusha. Bwawa hilo lina samaki mwenye mdomo mpana ambaye vijana humwita besi. Wazee humwita mzungu, kwa sababu walowezi ndio waliompandikiza humo enzi zao. Mlinzi wa bwawa aliwahi kumbebea mizigo mlimani, kwa hiyo geti halikuwa tatizo. Jioni ile mume wangu alirudi mikono mitupu, lakini uso umechangamka kama wa mtu aliyetoka kwenye ubatizo wa mjukuu. Nikaamua kufunga mdomo wangu. Mstaafu anayetoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni akiwa na furaha ni baraka; waulizeni wanawake ambao waume zao hawatoki.

Kisha mkono ukaanza.

Ulianza na kikombe. Nilisikia kikigonga kisahani, nikadhani ni baridi ya Julai. Baridi ikapita, kugonga kukabaki. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka, halafu wa kushoto nao ukafuata. Hospitalini walimpa vidonge na maneno ya upole. Vidonge vilisaidia kidogo. Nikaanza kummiminia nusu kikombe bila kusema kitu, naye akawa anakunywa nusu kikombe bila kuuliza.

Nilichokuja kukiona, na kilichoniogopesha kuliko mtetemeko wenyewe, ni jinsi alivyokuwa akiacha vitu. Aliacha kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu anayeaga kwenye msiba. Alikuwa mzee wa kanisa. Akaacha kupitisha sahani ya sadaka, kwa kuwa sarafu zilikuwa zikilia kanisa zima likiwa kimya. Akaacha kupogoa kahawa. Akaacha kunyoa ndevu, nikawa namnyoa mimi. Kwenye shughuli za ukoo, pale mbege, pombe yetu ya ndizi, inapozunguka kwenye kata na kila mtu mzima anaipokea kwa mikono miwili, anakunywa na kumpokeza jirani yake, mume wangu alikuwa kila mara anakumbuka ng'ombe hajapewa majani kata ikiwa bado watu wawili kumfikia. Mwishowe waliokuwa wakigawa wakazoea kumruka. Hakuna aliyemruka kwa ubaya. Walimruka kwa huruma, na huruma ya namna hiyo inauma kuliko tusi.

Kikabaki kitu kimoja tu, bwawa. Hata huko alikuwa ameshaniwekea mpaka. "Siku nitakayoshindwa kufunga ndoana yangu mwenyewe," aliniambia, "siku hiyo nimemaliza." Nilikuwa namjua. Akisema amemaliza, amemaliza. Na mimi niliona wazi kitakachofuata: kiti cha barazani, blanketi magotini, na mtu wangu ameketi hapo anahesabu magari yanayopita hadi Mungu amkumbuke.

Ndipo ng'ombe akakanyaga fimbo.

Ilikuwa imeegemezwa ukutani mwa banda, ng'ombe akakata kamba, akapita juu yake. Rili ilipona, fimbo ikawa vipande. Nilitoka mbio nikitukana kila mwenye kwato. Yeye alisimama, akaviangalia vile vipande, akasema polepole, "Basi. Ng'ombe amesema." Kilichoniudhi si kuvunjika kwa fimbo. Ni ile sauti yake, sauti ya mtu aliyepata ruhusa.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, na kila nyuzi na vitambaa vikiisha huwa nateremka Moshi mjini. Safari ile nilipitia soko la mitumba. Nyuma kabisa, baada ya viatu, kuna jamaa anayeuza vitu ambavyo hakuna mwingine anayejua bei yake: magongo ya wagonjwa, miavuli, raketi za tenisi, na fimbo za kuvulia zilizofungwa pamoja kama kuni. Nikaomba azifungue.

Nilizichagua kama ninavyochagua nguzo za migomba. Mtu wa huku hafundishwi jambo hilo. Mgomba ukibeba mkungu mkubwa huinama, na usipouegemeza na nguzo utalala chini pamoja na ndizi zako. Nguzo unaipima kwa kuisimamisha chini na kuikandamiza: ikisimama imara unaichukua, ikipinda ni kuni. Basi nikazisimamisha zile fimbo moja moja, nikazikandamiza. Karibu zote zilipinda kama mkia wa paka, nikazitupa pembeni kwa dharau. Moja tu ilikataa. Ilikuwa nene, nzito, ndefu kuliko mlango.

"Mama, hiyo ni ya baharini," jamaa alisema.

"Baharini, bwawani, si ni maji?"

"Ni maji, mama. Lakini hizi nyembamba ndizo..."

"Hizo ufagilie."

Tulipatana bei, nikapanda nayo Machame huku ncha imetoka dirishani mwa gari na konda ananung'unika njia nzima. Nilikuwa najiona mke bora wilaya nzima ya Hai.

Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiangalia kwa muda mrefu. Ningemwacha mwenyewe angefika nyumba ya pili na kurudi, kwa hiyo siku iliyofuata nikafunga mashine, nikateremka naye. Pale bwawani alinigeuzia mgongo ili afunge ndoana. Nilisikia anavyohema. Alichukua muda mrefu sana, akafunga, akageuka na jasho usoni kama aliyepalilia shamba. Akatupa. Na samaki akaja, tena mkubwa, niliona maji yakifumuka. Ile fimbo yangu imara haikutikisika hata kidogo. Ilisimama wima kama askari, na uzi ukakatika, pa!

Alikunja uzi uliobaki, tukapanda nyumbani. Asubuhi nilipokwenda kukata majani nyuma ya nyumba, nikaikuta fimbo ya kuvulia imesimama chini ya mgomba, imeshikilia mkungu wa ndizi, imefungwa vizuri kabisa kwa gome.

"Umeniletea nguzo," alisema nilipomuuliza, "nami nimeitumia kwa kazi yake."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akaongeza kwamba ameshafikiri, mambo ya bwawa yatoshe, na kwamba vyambo wapewe wajukuu wachezee. Kicheko kikaniisha. Nikamwambia, na ninakumbuka nilivyoshika panga la kukatia majani wakati nasema, kwamba Jumatano tunakwenda mjini wote wawili na atachagua mwenyewe, na asipokwenda mimi nitaendelea kumnunulia nguzo hadi migomba yote ya kihamba hiki, shamba letu zima la nyumbani, iegemezwe kwa fimbo za wazungu.

Alikwenda. Alikwenda amevaa koti la mlimani, lile la kuvalia kileleni, katika joto la Moshi linaloyeyusha sabuni, kwa sababu lina mifuko mikubwa ya kufichia mikono. Jasho lilikuwa likimtiririka. Sokoni jamaa alimwona, akasema, "Shikamoo mzee, karibu," akamnyooshea fimbo moja nyembamba. Kitu ukinyooshewa na mtu lazima ukipokee. Mikono ikatoka mifukoni.

Ncha ya ile fimbo ilikuwa nyembamba kama ujiti wa chelewa, na mkononi mwake ikaanza kutetemeka. Mtetemeko uliokuwa mdogo kwenye mpini ulikuwa mkubwa kule juu, unaonekana na kila mpita njia. Watu wawili waliokuwa wakichagua viatu wakageuka. Mume wangu akairudisha.

"Hii inanitangaza," alisema, akaficha mikono tena.

Nina hasira za haraka, na sijawahi kuziombea radhi kama inavyotakiwa. Nikamwambia mbele ya watu, "Mimi nimetoka Machame kuja kununua fimbo, sikuja kununua mifuko. Toa mikono uchague." Nilipoona macho yake nilitamani kuyameza yale maneno. Lakini aliitoa mikono. Labda kwa hasira, lakini aliitoa, na hakuirudisha tena.

Basi nikamwona mume wangu akichagua. Alizipitia zote. Alizishika kwenye mpini kwanza, akaacha zile za plastiki zinazoteleza, akabaki na zenye mpini wa kitu kama kizibo cha chupa, ule mwepesi unaoshikika hata kiganja kikiwa na jasho. Kisha akamwambia jamaa ashike ncha, yeye akavuta. Zile nilizoziita kuni alizivuta hadi zikawa kama upinde, akaziachia, akatazama zinavyorudi. Aliyoichagua ilipinda kuanzia nchani hadi karibu na katikati, halafu chini ikakaza.

"Samaki akivuta, fimbo imkubalie kidogo," alinieleza, bila kunitazama. "Imkubalie, imkubalie, hadi achoke. Ukimkatalia moja kwa moja, anakukatia uzi."

"Maneno mazuri," nikamjibu, "kutoka kwa mtu aliyevaa koti juani." Akalivua koti. Nililibeba mimi.

Rili yake ya zamani ilitaka kidole kimoja kishike uzi wakati kingine kinafungua waya, na vidole vyake havikuwa vikisikilizana tena. Jamaa alikuwa na moja yenye kifuniko: unabonyeza kitufe kwa dole gumba, unatupa, unaachia. "Hii wengi hununulia watoto," akasema, na nikamkodolea macho. Mume wangu akaijaribu, kitufe kikamkubali, akaiweka upande wake.

Kwenye uzi nilisema mimi ndiye bosi. Jamaa alikuwa na uzi wa kusokotwa, laini kama hariri, akausifu sana kwa nguvu zake. Nikaupitisha kati ya vidole nikaukataa. Wateja wangu wazee wamenifundisha: uzi laini sana hulala, na mkono unaotetemeka haupati kamwe tundu la sindano, uzi wenye ugumu kidogo husimama wenyewe, unausukuma tu. Tukachukua wa nailoni, mnene kiasi, wenye ugumu. Jamaa alisema mnene utaonwa na samaki. Mume wangu akasema, "Acha wauone. Na mimi niuone." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumsikia akilifanyia mzaha jambo hilo.

Vyambo tulikuwa navyo kwenye kopo. Usiku ule alivimwaga mezani. Kulikuwa na visamaki vya mbao vilivyopakwa rangi nzuri, alivyokuwa akivipenda siku zote, lakini kila kimoja kilikuwa na ndoana za pembe tatu tumboni na mkiani, na vidole vyake vilikuwa vimejaa alama zake. Chini kabisa kulikuwa na minyoo ya mpira, ya rangi ya zambarau, mibaya, ambayo hakuwahi kuigusa. Mnyoo mmoja, ndoana moja tu, na hata hiyo ncha yake unaificha ndani ya mpira. Akaichukua kwa uso wa mtu anayekula dawa. Hakuichagua kwa ajili ya samaki. Ndiyo pekee isiyomchoma.

Jumamosi tukateremka. Nami nilibeba fimbo yangu, ile ya baharini, nimeifunga rili yake ya zamani. Mkungu ulishakatwa, ikawa haina kazi. Alikaa kwenye gogo karibu na matete, akachukua ncha ya uzi kwa mkono mmoja na ndoana kwa mwingine. Nikageuka nikautazama mlima. Ulikuwa umefunguka wote, na nimeuona maisha yangu yote, lakini sijawahi kuutazama kwa muda mrefu namna ile. Nilisema kimoyomoyo, Bwana, sikuombi apone, nakuomba tundu la ndoana tu. Nilimsikia akihema. Nilisikia ndoana ikianguka kwenye majani, na akiitafuta. Kisha nikasikia akikata uzi uliobaki kwa meno.

"Tayari," alisema.

Alitupa kando ya matete, akauacha mnyoo uzame, akakaa. Hakufanya lolote zaidi. Mkono ulitetemeka kama kawaida yake, ncha ya fimbo ikatetemeka, na uzi ukachora vijiwimbi vidogo pale ulipoingia majini. Sikuwa nimemaliza kutandika khanga yangu nikae, fimbo ikapinda. Ikapinda hadi karibu na katikati, kule chini ikakaza, kama alivyosema. Ilimkubalia samaki, ikamkubalia, na baadaye kidogo kulikuwa na mzungu mmoja wa kijani, mdomo wazi, anaruka kwenye majani miguuni petu.

Akatupa tena. Akaja mwingine. Mimi nilikuwa nimetupa hatua chache tu kutoka kwake, matete yale yale, mnyoo wa zambarau ule ule, na nilikuwa nimeshika fimbo yangu imara, imetulia tuli. Hakuna aliyenijia. Alipomvuta wa tatu nikaanza kununa. Yeye akatazama ncha ya fimbo yangu, akatazama ya kwake. Akaitazama ya kwake kwa muda. Nilimwona akielewa, na nami nikaelewa kutoka kwenye uso wake, na sikuthubutu kuwa wa kwanza kusema.

"Mnyoo wako amekufa," alisema hatimaye. "Wangu anatembea. Tetemesha mkono."

Nikajaribu. Nikatikisa fimbo kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi.

"Hapana, hapana. Kidogo. Hivi." Akanyoosha mkono wake, ule wa kulia, wazi mbele yangu, niutazame. Mkono huo nilikuwa sijaonyeshwa tangu uanze. Nilikuwa nauona kwa kuibia. Nikauangalia vizuri, nikajitahidi kuufuata. Nilikaza kiganja, nikalegeza, nikauma midomo. Sikuweza. Mtetemeko wangu ulikuwa wa kuigiza, ulichoka na kusimama wenyewe. Mume wangu akaanza kucheka. Alicheka hadi akaweka fimbo chini na kujifuta macho.

"Acha tu, mama," alisema. "Hii mpaka upewe."

Nikalia pale pale, sikujificha. Naye hakuninyamazisha, aliokota fimbo yake, akaendelea kuvua.

Samaki tulimgawia mlinzi, wengine tukawala. Tulimpelekea na wifi mmoja, akamrudisha kwa mkono wa mjukuu wake pamoja na ujumbe kwamba nyoka ni nyoka tu. Na mkono haujapona, wala sidanganyi kwamba vitu vyote alivyoviacha amevirudia. Ndevu bado namnyoa mimi.

Lakini mwezi uliofuata kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa ukoo, na watu walijaa kihambani kwa wifi. Mbege ikaanza kuzunguka. Nilikuwa upande wa wanawake, namwangalia. Kata ilipobaki watu wawili kumfikia, hakuinuka. Ilipobaki mmoja, kijana aliyekuwa akigawa aliinyoosha kwa mtu aliyekaa upande wa pili wake, kama walivyozoea. Mume wangu akanyoosha mikono yote miwili.

Uwanja ukapunguza sauti. Kijana akampa. Kata ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na kabla haijafika mdomoni mbege ikamwagika kwenye shati, kwenye magoti, na chini kwenye udongo. Kila mtu aliona. Yeye akautazama ule udongo uliolowa.

"Hiyo ni ya waliotangulia," alisema. "Yangu ni hii."

"Mzee wa kanisa huyo!" wifi akapaza sauti, na uwanja mzima ukacheka, naye akacheka nao. Kisha akanywa taratibu, akampokeza jirani yake, na mikono akaiacha juu ya magoti, mbele za watu, itetemeke.